Cardamine hirsuta, gugu dogo linalorusha mbegu zake

Katika familia ya haradali, wengi wetu tunaifahamu mimea inayoliwa, kama kabichi na figili, na ni wachache wanaoinama kuutazama ule mdogo unaojiotea kwenye vyungu vya maua, kando ya kuta na katika nyufa za sakafu, ambao wataalamu wanauita Cardamine hirsuta. Asili yake ni Ulaya, Asia ya magharibi na Afrika ya kaskazini, lakini leo umeenea katika mabara yote isipokuwa Antaktika, na njia mojawapo iliyousambaza ni udongo wa miche ya kuuzwa. Watunza bustani huung'oa kwa hasira, na sababu wanazo. Hata hivyo, naamini unastahili kutazamwa kabla ya kung'olewa.

Majani yake ya chini hujipanga duara juu ya udongo, kila jani likiwa limegawanyika katika vijani vidogo, na kile cha nchani ndicho kikubwa kuliko vingine. Maua ni meupe, yenye petali za milimita chache tu. Mimea mingi ya familia hii ina stameni (viungo vya kiume vya ua) sita, nne ndefu na mbili fupi, ilhali huu kwa kawaida una nne. Hata petali zake hazina hesabu moja, kwani ua moja laweza kuwa nazo nne na jirani yake kwenye shina lilelile likawa na mbili au likakosa kabisa. Upungufu huo hauudhuru, maana ua hujichavusha lenyewe bila kungoja mdudu.

Kinachonivutia zaidi ni tunda, ambalo ni jembamba, limesimama wima na hupita kimo cha maua yaliyo juu yake. Tumezoea kudhani kwamba maganda hupasuka kwa sababu yamekauka, lakini haya hupasuka yakiwa bado mabichi na yamejaa maji. Mwaka 2016, watafiti walioongozwa na Angela Hay katika Taasisi ya Max Planck mjini Cologne, Ujerumani, walieleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Seli za nje za ganda, zikiwa zimevimba kwa maji, huvuta zikitaka kufupika, huku tabaka gumu la ndani lenye lignini, dutu inayoupa mti ugumu wake, likikataa kufupika, hivyo mvuto hujilimbikiza. Ganda halijikunji mapema kwa sababu upana wake umepinda, kama utepe wa chuma wa kupimia wa fundi unaobaki umenyooka hadi upinde wake ulazwe. Kuta za seli za tabaka lile gumu zina sehemu nyembamba zinazofanya kazi ya bawaba. Ganda linapobanduka, bawaba hufunguka, upinde hulala, na ganda hujiviringisha ghafla, likizirusha mbegu, ambazo ndani ya takriban nusu ya milisekunde hufikia kasi ya mita 10 hivi kwa sekunde.

Arabidopsis thaliana, jamaa yake wa karibu anayetumika sana maabara, hana uwezo huo, na majani yake hayakugawanyika. Kuhusu majani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ukoo wa Arabidopsis ulipoteza jeni iitwayo RCO, na jeni hiyo iliporudishwa kutoka kwa Cardamine, kingo za majani zikaanza kuwa na mikato. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko mwingi niliousoma, kwa sababu tofauti inayoonekana kwa macho imefuatiliwa hadi kwenye jeni moja.

Anayetaka kuupunguza bustanini aung'oe wakati maua ya kwanza yanapochanua, kwa kuwa matunda yakikomaa, kuushika tu kunatosha kuzitawanya mbegu. Na anayetaka kushuhudia ganda likifyatuka aliguse kwa upole tunda lililonona ambalo bado ni kijani, akiuweka uso wake mbali, kwa sababu mbegu hizo huweza kuingia machoni.