Jani la mkungu likishaanguka

Wengi wanaotengeneza chapa za majani kwenye kitambaa huchuma jani bichi, zima, lisilo na doa. Wanapata picha ya jani, basi. Anayetaka sanaa dhahania, yaani mistari, madoa na vivuli visivyolazimika kuwa picha ya kitu, aanze na jani linalooza. Uozo umeshatoboa, umeshachora pete na kuligawa jani vipande visivyolingana. Mkono wa mtu hauwezi kubuni hivyo bila kujilazimisha.

Kwa kazi hii hakuna kama mkungu, ule mti wa kivuli wa pwani unaozaa kungu. Kabla ya kuanguka, majani yake hugeuka manjano, kisha mekundu, mengine yakafikia rangi ya damu ya mzee. Yakikaa chini siku chache yanakuwa kahawia. Yana tanini nyingi, ileile inayoipa chai ya rangi ukakasi, na tanini ikikutana na chuma hutoa kijivu hadi weusi wa wino. Kwa hiyo usitarajie wekundu ule ubaki kwenye kitambaa. Kinachobaki ni giza lake.

Okota ya hatua tofauti: lililoanguka leo, la siku tatu nne, na lililoanza madoa ya ukungu (mkungu na ukungu, majina yenyewe yanatafutana). Lishike kwa kikonyo ulitikise. Likimeguka kama uji, liache, litatoa doa tupu. Kavu linalovunjika lifungie ndani ya kitambaa chenye unyevu usiku kucha. Usiliroweke, maji yataondoka na tanini. Kwa sababu hiyohiyo majani yaliyopigwa na mvua kubwa huchapa hafifu. Ukungu wa unga usiupulize, na mwenye pumu avae barakoa.

Maji ya chuma ni rahisi: konzi ya misumari yenye kutu, siki nyeupe sehemu moja, maji sehemu mbili. Weka kwenye chupa wiki moja hadi mbili, kifuniko kikiwa kimelegezwa kwa sababu hutoa gesi. Chuja. Vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji vinatosha. Hapa ndipo wengi huharibu: wakitaka weusi zaidi wanamimina nusu chupa, kitambaa kizima kinakuwa cheusi, na baadaye kinachanika chenyewe, maana chuma hula nyuzi za pamba.

Kitambaa kiwe pamba tupu, amerikani ndiyo bora. Poliesta haishiki. Kifue kwa maji ya moto na sabuni kutoa dondo, yaani wanga unaokipa kitambaa kipya ugumu. Tone la maji likisimama juu bila kunywewa, dondo bado lipo. Kichovye kwenye maji ya chuma dakika 10, ukikamue, ukitandaze.

Panga majani, upande wa mishipa ukigusa kitambaa. Usiyapange kama maua ya kanga. Yapandanishe, likunje moja, jingine lichane, na uache sehemu kubwa tupu. Funika kwa kitambaa kikuukuu chenye unyevu, viringisha vyote kwenye kipande cha bomba, kisha zungushia kamba ukikaza kwa nguvu zako zote. Pasipogusana hapachapi. Pika kwa mvuke saa moja na nusu, kwenye sufuria ambayo hutaipikia chakula tena, na usifungue hadi kesho yake.

Majani yaliyochujwa na mvua yana kazi nyingine. Yachemshe kwa moto mdogo na magadi, vijiko 2 kwa lita 1, saa moja au mbili, kisha yasugue kwa mswaki laini hadi ibaki nyavu ya mishipa. Vaa glavu, na usitumie sufuria ya alumini: magadi huila.

Kitambaa kikikauka, usikitundike kizima. Toboa dirisha la sentimita 10 kwa 10 kwenye kadi, ulitembeze juu yake taratibu. Tafuta pale mshipa unapokatizwa na doa, au kijivu kinapofifia kuwa weupe. Ukiona ukingo wa jani zima ndani ya dirisha, sogeza.