Changarawe ya Morvan: kutoka Vézelay hadi Étang-sur-Arroux

Ukishuka treni ya mkoa na baiskeli yako katika stesheni ya Sermizelles-Vézelay, kando ya mto Cure, huko Burgundy nchini Ufaransa, una kama kilomita kumi za lami tulivu za kupasha miguu moto kabla ya kupanda kilima cha Vézelay. Tulipitia Asquins, tukapanda hadi kwenye basilika ya Maria Magdalena, ambayo pamoja na kilima chake iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979. Ukisimama kwenye uwanda ulio nyuma ya kanisa, unaiona kazi inayokungoja: upande wa kusini-mashariki milima ya Morvan imelala myeusi kwa misitu, wala haionekani kuwa mirefu. Kilele chake cha juu kabisa, Haut-Folin, kina mita 901 tu. Kinachochosha si urefu huo. Ni kupanda mita themanini, kushuka sabini, kupanda tena tisini, mchana kutwa.

Njia yetu ilikwenda kusini kupitia Saint-Père, Pierre-Perthuis, Quarré-les-Tombes, Saint-Brisson, ziwa la Settons na mlima Beuvray, ikaishia stesheni ya Étang-sur-Arroux. Ni kama kilomita 150 ukizunguka kwa njia za misitu badala ya kufuata lami.

Jambo la kwanza la kuelewa ni jiwe lililo chini ya tairi. Vézelay imekaa juu ya chokaa. Njia za mashamba huko ni nyeupe, zina kokoto zenye kona, na katikati ya kokoto kuna udongo wa mfinyanzi. Zikiwa kavu, zinakwenda vizuri. Zikinyeshewa, udongo hushika tairi, hukusanya vijiwe, na kujaa kwenye uma wa mbele na nyuma ya krenki (mikono ya pedali) hadi gurudumu ligome kuzunguka. Nafasi kati ya tairi na fremu isipungue milimita sita kila upande. Baiskeli inayodai kuingiza tairi la milimita 45 huku ikibakiza milimita tatu haifai hapa baada ya mvua. Ukikwama, usisukume kwa nguvu. Toa udongo kwa kijiti, kisha upite kwenye majani ya pembeni.

Kati ya Saint-Père na Pierre-Perthuis chokaa inaisha, na matale (graniti) yanaanza. Rangi ya njia inageuka kutoka nyeupe kuwa ya kahawia inayoelekea uwaridi, na udongo wa kunata unatoweka. Matale ya Morvan yamelika kwa maelfu ya miaka yakawa mchanga mkubwa usioshikamana. Maji hupita ndani yake haraka, kwa hiyo saa chache tu baada ya mvua njia huwa imekauka. Ubaya wake ni kwenye kona za mteremko, ambako mchanga huo hukaa juu ya ardhi ngumu na kuteleza kama punje za mahindi zilizomwagwa sakafuni. Breki zote zishikwe kabla ya kona. Ukiwa ndani ya kona usiguse ya mbele. Ukipanda, kaa kitini, rudisha uzito nyuma na uchague giya nyepesi mapema, kwa sababu ukisimama juu ya pedali tairi la nyuma litazunguka bure.

Kwa mpanda baiskeli ambaye yeye, baiskeli na mizigo vinafikia kilo 90 hivi, matairi ya milimita 45 yasiyo na tyubu yalikwenda vizuri kwa upepo wa bar 1.9 mbele na 2.1 nyuma. Ukizidisha hadi 3, baiskeli itarukaruka na mikono itakufa ganzi. Ukishusha chini ya 1.6, rimu itagonga mawe. Weka mililita 80 hadi 90 za maji ya kuzibia pancha katika kila tairi, na uyapime upya kama yamekaa zaidi ya miezi mitatu, maana hukauka. Tundu linalozidi milimita tano hivi halizibwi na maji peke yake: lichomekee kamba ya mpira mara moja, jaza upepo, na uzungushe gurudumu ili maji yafike hapo. Tyubu moja ya akiba ibaki mfukoni vilevile.

Giya nayo isiachwe kwa majivuno. Meno 30 mbele na 34 nyuma, ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika, yanakupa takriban kilomita 8 kwa saa, na huo ndio mwendo wa kweli kwenye mwinuko wa asilimia 10 wenye mchanga. Wenye duara moja tu la meno mbele, 40 kwa 42 nyuma, hulazimika kwenda karibu kilomita 9 au kuzungusha polepole na kuumiza magoti.

Quarré-les-Tombes ni pa kusimama. Kanisa limezungukwa na majeneza ya mawe ya kale, mabaki na mifuniko zaidi ya mia, na mengi ni ya chokaa, jiwe lisilotoka katika ardhi hii ya matale. Mbele kidogo, msituni karibu na Saint-Léger-Vauban, kuna monasteri ya Pierre-qui-Vire, iliyoanzishwa mwaka 1850, ambayo inajulikana pia kwa jibini. Nunua. Chakula katika Morvan ni hesabu ya saa: maduka ya vijiji hufungwa mchana kwa saa mbili au tatu, waoka mikate wengi hupumzika Jumatatu, na Jumapili alasiri usitegemee chochote. Maji ni rahisi zaidi, kwa kuwa makaburi mengi ya vijiji yana bomba. Soma kibao kwanza: penye «eau non potable» (maji yasiyofaa kunywa) usinywe.

Baada ya Saint-Brisson msitu unabadilika. Miti ya asili ya mfune na mwaloni inapisha mashamba ya misonobari aina ya Douglas, iliyopandwa kwa mistari na kuvunwa kwa kufyeka eneo zima. Mbao ndiyo historia ya huku: kwa karne kadhaa kuni za Morvan zilielea kwenye mito ya Cure na Yonne hadi Paris, na bwawa la Settons lilijengwa katika karne ya 19 ili kusaidia kuzielekeza na kuzisukuma. Leo kuna mashine kubwa, na ndizo zinazoharibu njia. Ramani inaonyesha barabara safi ya msitu. Ukifika unakuta mifereji ya magurudumu yenye kina cha nusu mita na matawi kila mahali.

Matawi hayo ndiyo huvunja baiskeli nyingi kuliko mawe. Kijiti kikiingia kwenye kibadilisha giya cha nyuma, acha kuzungusha pedali papo hapo, usisubiri hata nusu mzunguko. Ukiendelea, mnyororo unakivuta kibadilisha giya hadi kwenye spoku, na kile kipande cha alumini kinachokishikilia kwenye fremu kinapinda au kukatika. Kimetengenezwa laini makusudi, ili kivunjike chenyewe badala ya fremu. Kila fremu ina umbo lake, kwa hiyo beba cha baiskeli yako pamoja na skrubu zake; duka la kijijini halitakuwa nacho. Kikiwa kimepinda tu, kinyooshe kwa mkono taratibu, kisha kaza skrubu ya kikomo ili mnyororo usifike kwenye duara kubwa kabisa la meno ya nyuma. Utakosa giya moja lakini spoku zitabaki salama.

Angalia pia mifereji ya mbao au chuma inayokatisha barabara za misitu kutoa maji. Ivuke kwa pembe ya mraba. Ukiikata kwa mshazari gurudumu la mbele linanaswa. Na kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari kuna uwindaji: vaa rangi ya kung'aa, na ukikuta kibao cha «chasse en cours» (uwindaji unaendelea), geuza. Lango la malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais liache kama ulivyolikuta.

Beuvray, mita 821, ndio mwinuko mkali wa mwisho. Juu yake palikuwa Bibracte, mji mkuu wa Waedui, kabila mojawapo la Wagali, wenyeji wa kale wa Ufaransa, ambako Vercingetorix alithibitishwa kuwa kiongozi wa Wagali mwaka 52 kabla ya Kristo. Kabla ya kushuka kagua pedi za breki, kwani mchanga wa matale husaga pedi za resini upesi sana. Zikibaki nusu milimita, badilisha hapo hapo juu. Pedi za chuma hupiga kelele lakini hudumu, nasi tungezichagua tena bila kusita.

Kutoka Saint-Léger-sous-Beuvray njia inateremka kuelekea Étang-sur-Arroux, ambako hupita treni za Nevers–Dijon. Nafasi za baiskeli ndani ya treni za mkoa ni chache, hivyo wahi, na uvue mifuko mapema: baiskeli nyingine huning'inizwa kwa gurudumu la mbele, na yenye mzigo hainyanyuki.