Vile mi nilichagua lenzi ya zumu ya kupigia foto za feti, yaani sherehe za harusi (na mashauri yote niliyotupa)

Kila mtu akiona aparei (kamera) yangu swali ni moja: "Vié, zumu yako inavuta mara ngapi?" Mara tatu, nawajibu, wanacheka. Ndiyo, mara tatu, na tukihesabu vizuri hata haifiki, milimita 17 mpaka 50. Kuko kijana wa Bel-Air ana kiaparei kimeandikwa 50x pembeni, anajiona ndiye bwana wa foto Lubumbashi nzima. Sawa. Aje nacho kwa feti saa nne ya usiku, taa kubwa za sale (ukumbi) zimezimwa, zimebaki zile za zambarau zinazozunguka, bibi arusi anaingia anacheza na msafara wake wote, halafu kesho tuonane kwa kompyuta.

Naandika hii juu mashauri yamenichosha. Canon 700D yangu ilikuja na ile 18-55 ya kwenye karton, mchana inapiga vizuri tu, usiku inakuwa mateso. Nikaanza kuulizia lenzi ya pili na watu wote, wote kabisa, wakaniambia chukua ndefu. "Ukiwa na 300 unapiga mtu toka barabara ya pili na hajui." Mi napiga harusi, jamani, simfuatilii mtu. Komini asubuhi kwa ndoa ya serikali, kanisa mchana, feti usiku, na watu wanalipa kwa sababu ya ile ya usiku.

Yaya (kaka mkubwa) mmoja wa kazi hii, namheshimu, amenifundisha mengi, akaniazima 75-300 yake Jumamosi moja nilikuwa na feti Katuba. "Petit, shika hii, utaniambia." Nikaishika. Nikasimama nyuma kabisa karibu na bafle za muziki, raha mstarehe, nikavuta mpaka 300 na bibi arusi akajaa kwenye kioo, namwona hadi lulu za sikio. Nikabonyeza. Lenzi ikaanza kutafuta fokasi, inaenda mpaka mwisho, inarudi, vzzz, inaenda tena, na wakati huo mjomba ameshaweka dola kwenye paji la uso la bibi arusi, ameshacheza kidogo, ameshaenda kukaa. Ikishika sasa, aparei inanipa vitesi ya 1/20, yaani inafunguka sehemu ya ishirini ya sekunde. Na kwa 300 kwenye hizi aparei za sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) unatakiwa uende kama 1/500 ndiyo mtetemo wa mkono wako usionekane, juu Canon za aina hii zinaongeza mara 1.6, ile 300 inakuwa kama 480. Lenzi yenyewe haina kile kidude cha kutuliza mtetemo. Nikapandisha ISO, ile namba ya aparei kuhisi mwanga, mpaka 6400, chembechembe zikajaa. Nikaegemea nguzo, nikafunga pumzi, tantini mmoja akapita akanisukuma na kiuno, basi. Foto nzima flu, ukungu mtupu. Kuko moja bibi arusi yuko na vichwa vitatu.

Mama wa bibi arusi akaja kuangalia kwenye kioo cha aparei. "Papa, huyu nani?" Ni wewe, mama. Akaangalia tena, akanirudishia aparei kwa adabu, akaenda kumwita mpwa wake aje na telefone.

Nilipomrudishia yaya lenzi yake akaniambia mkono wangu unatetemeka, nikule bukari (ugali) vizuri.

Hakuna bukari ya kuponya hiyo. Tatizo liko kwenye namba ambayo hakuna mtu aliniuliza hata siku moja, ile ndogo imeandikwa kuzunguka kioo cha mbele baada ya 1:. Kwenye 18-55 ni 3.5-5.6, maana yake ukiwa 18 mdomo wa lenzi, pale mwanga unapopita, unafunguka mpaka 3.5, ukivuta mpaka 55 unabanwa wenyewe unabakia 5.6. Lenzi yenye 2.8 peke yake, bila kistari na namba nyingine, inabaki 2.8 toka mwanzo wa zumu mpaka mwisho, na kati ya 5.6 na 2.8 mwanga unaoingia ni mara nne. Mara nne! Fasi ulipokuwa unapiga 1/30 sasa unapiga 1/125 kwa ISO ileile. Kwa 1/30 mtu anayecheza hana mikono, kwa 1/125 anayo, akiwa haruki sana. Na wale wa kuniambia "tafuta tu yenye IS", kile kidude cha mtetemo: IS inatuliza mkono wako wewe, haitulizi bibi arusi.

Kitu nafikiri nilifanya kwa akili, na hakuna mtu alinishauri, nilienda nyumbani nikafungua diski yenye harusi zangu za nyuma. Kila foto inaandika ndani yake ilipigwa na milimita ngapi, programu nyingi za bure zinaonyesha na zinakupangia. Nikapanga. Karibu zote ziko kati ya 18 na 40, halafu kuko kilima kimoja kwenye 55 penyewe, na karibu hizo zote ni za kanisa, padri amesema wapiga foto wasisogelee altare. Kumbe sihitaji kwenda mbali. Nahitaji ileile 18-55 lakini yenye mdomo mpana. Wewe labda zako zitakuambia kitu kingine, kama unapiga mpira Kamalondo ndefu ni ya lazima, hapo tafuta 70-200 na utafute na makuta (pesa) yake, lakini fungua diski kwanza kabla ya kumuuliza mtu. Nilifunga pia utepe kwenye pete ya zumu isipite 50, nikapiga ubatizo mzima hivyo, sikusikia upungufu.

Mwingine akaniletea habari za 24-70, eti ndiyo ya maprofesionele. Kwa aparei zao za sensa kubwa, ndiyo. Kwa yangu 24 inakuwa kama 38, na saluni (sebule) ya nyumba ya komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, yenye watu ishirini, na sofa, na kabati ya vyombo, ukiwa na 38 mgongo umegonga ukuta na nusu ya familia iko nje ya foto. Ile 50 ya 1.8 isiyovuta ninayo, bei yake ndogo, naipenda, ila tatizo la ukuta ni lilelile na zaidi.

Zikabakia tatu: Canon 17-55, Tamron 17-50, Sigma 17-50, zote 2.8 mwanzo mpaka mwisho. Ya Canon niliuliza bei nikasema asante. Nyingine mbili nilizikuta mjini kwa muuzaji mmoja wa vitu vya okazio, vilivyokwisha kutumika, vinatoka Dubai, vingine vinapanda toka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa. Nikaenda na aparei yangu, na tochi.

Tochi ni hivi. Unatoa vifuniko vyote viwili, unamulika toka nyuma, unaangalia toka mbele kwa kuinamisha. Lenzi za Canon zikiwa nje ya aparei mdomo unabaki wazi, kwa hiyo unaona mpaka ndani. Vumbi kidogo usihangaike, kwa vumbi letu la kiangazi hata mpya itaokota. Unatafuta kuvu, nyuzi nyeupe zinatawanyika kama utando wa buibui. Moja ya Tamron zake ilikuwa nayo pembeni. "Ile haiko kitu, patron, ni vumbi." Vumbi haina matawi, nikamwambia.

Halafu chupa. Niliagiza Fanta tatu, nikazipanga kwenye kontwari kwa mshazari, moja mbele, moja katikati, moja nyuma, nikaweka 50 na 2.8, nikashika fokasi kwenye etiketi ya katikati, nikapiga, nikakuza kwenye kioo. Tamron ya pili, safi kwa tochi, ilinipa chupa ya nyuma kali kabisa na ya katikati laini. Nikarudia, nyuma tena. Nikapiga kwa kutumia kioo cha nyuma badala ya kuchungulia tundu, ikakaa katikati vizuri. Basi nikajua, haipatani na aparei yangu, na 700D haina menyu ya kurekebisha hiyo, ungekuta kwenye zile kubwa. Muuzaji ameanza kukasirika, wateja wamejaa wanaangalia, mmoja anauliza kama Fanta zinauzwa. Sigma ikashika ya katikati. Nikarudia mpaka nikachoka, katikati, katikati. Nikakunywa moja, mbili nikawagawia, tukakubaliana dola mia mbili na kitu, alianza juu kabisa.

Ina kasoro zake. Pete ya fokasi inazunguka yenyewe wakati inatafuta, ukiweka kidole unaizuia. Pembe za foto kwa 2.8 ni laini, kwa feti nani anaangalia pembe. Upana wake wa mbele wa kufungia filta ni milimita 77 kwa hiyo filta zangu za 58 zote zimekuwa za kugawa.

Watu wa Nikon, moja tu: zile za familia ya D3000 na ya D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya mwili, lenzi ya zamani iliyoandikwa AF bila S itafunga vizuri na haitashika fokasi, utazungusha kwa mkono. Rafiki yangu anazungusha mpaka leo.

Kanisani bado nimepungukiwa, siwezi kudanganya, pale kwa altare. Natafuta 55-250 ya STM (ile ya Canon yenye mota ya kimya), mchana mwanga uko wa kutosha, sitaki 2.8. Mwenye nayo Lubumbashi aniandikie. Nitakuja na tochi, na Fanta nitalipa mimi.