Chupa ya Mtu Mmoja katika Nyumba ya Watu Sita

Kikohozi changu kilianzia Timboroa, au ndivyo ninavyopenda kusema. Ukipita pale alfajiri mwezi wa Julai, dirisha la dereva likiwa halifungi sawasawa, baridi inakupata hata ukivaa makoti mawili. Mimi ni dereva wa matatu ya abiria 14, Nakuru kwenda Eldoret na kurudi, na dirisha lile tajiri, mwenye gari, aliahidi kulitengeneza tangu Pasaka.

Mafua yaliisha kwa siku nne. Kikohozi kikabaki. Kilikuwa kikavu, cha kutekenya koo, kile kinachokuacha mchana mzima kisha kinaanza kazi ukishaweka kichwa kwenye mto. Wiki ya pili mbavu ziliniuma kama niliyepigwa, na mke wangu alishahamia kitanda cha watoto. Nilikula peremende za koo, nikanywa tangawizi, nikameza Piriton, vile vidonge vya mzio, kila usiku kwa sababu makanga wangu alisema zinakausha. Kwenye kemisti moja ndogo kijana wa kaunta aliniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka "ile kali". Hakuuliza karatasi ya daktari. Ningependa kusema nilikataa kwa busara, lakini ukweli ni kwamba bei ilinishinda.

Basi nikaenda hospitali. Kwa kuwa nilikuwa nimekohoa zaidi ya wiki mbili, kitu cha kwanza walichotaka ni makohozi ya kupima TB, na kwa kikohozi kikavu kama changu kuyapata makohozi ni kazi ya asubuhi nzima. Majibu yalitoka safi. Daktari akanisikiliza kifua, akasema hakuna nimonia, haya ni masalio ya mafua na yataisha yenyewe kwa wiki chache. Akaniandikia dawa ya maji yenye kodeini, mililita 5 wakati wa kulala, siku 5. Alinieleza kwamba haiponyi kitu. Inanyamazisha tu ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kukohoa, nipate usingizi mbavu zipumzike.

Kwenye dirisha la dawa mfamasia, binti mdogo tu, aliniuliza maswali mengi kuliko askari wa trafiki. Unakunywa pombe? Kidogo, Jumamosi. Unakoroma sana, au mkeo amewahi kukuambia unakata pumzi usingizini? Hapana. Una pumu? Hapana. Unatumia dawa nyingine? Hapana, nikasema, kwa sababu Piriton sikuihesabu kuwa dawa. Unaendesha gari au mashine?

Hapo nikadanganya. Nilisema nafanya kazi ya mkono. Niliogopa atainyima ile chupa, na usiku mwingine wa kukohoa nisingeuweza. Akaandika jina langu kwenye lebo, akanipa chupa ya mililita 100 na kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia. Kikombe nilikipoteza kabla sijafika nyumbani.

Usiku ule nilichukua kijiko cha kabati, nikajaza, nikameza. Halafu nikameza na Piriton yangu kama kawaida. Nililala kama gunia. Chupa niliiacha juu ya meza ya televisheni.

Saa kumi alfajiri simu ilinitoa kitandani, nikaoga maji baridi, nikafika steji nikijiona mzima kabisa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba nilijiona mzima. Gari likajaa, tukatoka. Tulipofika Ngata makanga aliniuliza kwa nini sikusimama kwenye njia panda ya Njoro, kulikuwa na watu wawili wanapunga mkono. Sikukumbuka kupita njia panda ya Njoro. Sikuwa nimesinzia, macho yalikuwa wazi. Njia panda tu haikuwemo kichwani mwangu.

Mtu wa barabara ile anajua kinachofuata baada ya Ngata. Ni Sobea, kisha Salgaa, kisha mlima wa Sachangwan wenye malori yanayoshuka yakinuka breki. Mwaka 2009 pale Sachangwan lori la mafuta lilianguka na kuwaka moto, zaidi ya watu 100 wakafa, na kila dereva wa Nakuru ana mtu anayemjua aliyekuwa karibu. Makanga alinipa kifurushi cha mogoka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, nichangamke. Nilikishika, nikakirudisha. Mogoka unakufungua macho, lakini ile njia panda usingenirudishia. Nikaegesha, nikawaambia abiria gari lina shida kidogo (uongo wa pili kwa siku mbili), nikampigia dereva wa skwodi, yule wa kushika zamu. Alikuja na bodaboda. Pesa za siku hiyo zikaenda naye.

Ndiyo sababu nilikuwa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo huwa sipo kamwe. Nikafungua mlango nikamkuta mama yangu, aliyekuwa ametutembelea kutoka Mumias, amekaa kwenye stuli na mwanangu wa miaka minne katikati ya magoti yake. Mtoto amefungua mdomo. Mkono mmoja wa mama umeshika chupa yangu, mwingine umeshika kijiko kilekile.

"Mama, ngoja kwanza."

"Ningoje nini, baba? Mtoto amekohoa usiku kucha. Hii si dawa ya kifua?"

Niliichukua chupa mkononi mwake kwa haraka kuliko adabu inavyoruhusu, naye akanyamaza kwa namna mama anavyonyamaza. Sikuwa na maelezo ya kumpa. Nilichojua ni kwamba mtu mzima wa kilo 80 alikuwa amemeza kijiko hicho kimoja na kusahau njia panda.

Duka la dawa la hospitali lilipofungua nilikuwa wa kwanza mlangoni, chupa mfuko mmoja, kijiko mfuko wa pili. Nikamwambia mfamasia yote, kazi yangu na Piriton. Hakunigombeza. Alichukua sirinji, akajaza maji kwenye kile kijiko mpaka ukingoni, akayavuta. Mililita 8. Niliandikiwa 5.

Kisha akanikalisha. Alisema Piriton inaleta usingizi na kodeini inaleta usingizi, na mbili hizo zikikutana mwilini zinasukumana upande mmoja. Pombe ni vivyo hivyo. Dawa za kulala na zile za kutuliza wasiwasi ni vibaya zaidi, kwa sababu kinachopungua si uchangamfu peke yake, ni pumzi. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kodeini yenyewe haina nguvu nyingi, ini ndilo linaloigeuza sehemu yake kuwa mofini, dawa ileile ya maumivu makali. Na maini hayafanani. Wapo watu ambao ini lao linageuza haraka mno, na mtu hawezi kujijua kwa kujitazama kwenye kioo. Kwa Waethiopia, majirani zetu hapa, utafiti ulionyesha ni karibu watu 3 kati ya 10. Mtu wa namna hiyo akimeza kipimo cha kawaida, anapata mofini kama aliyezidisha.

"Na mtoto?" nikamuuliza.

Alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Marekani, alisema, kuna watoto walikufa baada ya kupewa kodeini waliyoandikiwa na daktari, kipimo sahihi kabisa, walipotoka kukatwa mafindofindo. Siku hizi walio chini ya miaka 12 hawapewi kabisa, na tangu mwaka 2018 Wamarekani wamesema dawa za kikohozi za namna hii ni za waliotimiza miaka 18. Mama anayenyonyesha naye haguswi nazo, maana mofini inapita kwenye maziwa. Nikauona tena ule mdomo ulio wazi. Sikumwuliza zaidi.

Aliongea na daktari kwa simu, wakapanga upya. Mililita 5 kwa sirinji, usiku ambao kesho yake siendeshi tu, Piriton iachwe kabisa. Nikaongea na tajiri, nikapata siku tatu za kukaa chini bila malipo. Iliuma, sifichi. Lakini usiku tatu za kulala ndizo mbavu zilizohitaji, na baada ya hapo kikohozi kilikuwa kimepungua kiasi cha kuvumilika na asali. Nilichokipata kingine ni kufunga choo siku mbili, jambo ambalo mfamasia alikuwa ameniambia nikacheka. Papai na maji mengi vilisaidia, polepole.

Dawa yenyewe ilikuwa kazi ya siku tatu. Kazi kubwa ilikuwa nyumba.

Kwetu hakuna kitu cha mtu mmoja. Chaja ni ya wote, sandali za bafuni ni za wote, na dawa ikinunuliwa ni ya ugonjwa, si ya mgonjwa. Mama alilea watoto saba kwa chupa moja ya dawa ya kifua na kijiko kimoja, na sote tupo. Nimwambie nini? Nilianza kwa kumwonyesha lebo. Nikamsomea jina langu, nikasema hii ni kama hati ya shamba, ina mwenyewe. Akaniambia jina ni la kujua ni nani aliyelipa. Nikajaribu njia nyingine.

"Mama, wewe una dawa zako za presha. Unaweza kumpa jirani?"

"Nimeshampa," akasema. "Alikuwa na kizunguzungu."

Mke wangu alitoka nje kucheka. Mwishowe nililazimika kumweleza habari ya Ngata, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba nilikuwa na watu 14 nyuma yangu na sikuiona barabara. Mama aliniangalia muda mrefu. Akauliza kama gari lilikuwa limejaa. Nikasema lilijaa. Basi akainuka akaenda kumkorogea mtoto asali ya Baringo kwenye maji ya vuguvugu na limau, na habari ya chupa hakuitaja tena siku hiyo. Mfamasia alishaniambia asali inafaa kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, chini ya hapo hapana.

Chupa niliifungia kwenye sanduku la spana, lenye kufuli, chini ya kitanda. Si kwa ajili ya mama. Mpwa wangu wa kidato cha tatu anakaa nasi, na nilipomwuliza kama anajua dawa hii alinijibu bila kusita jinsi vijana wanavyoichanganya na soda, na jina wanaloiita. Nigeria walifika mahali pa kupiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa za maji za namna hii, mwaka 2018, kwa sababu hiyo. Makanga wangu naye, mtu mzima mwenye mke, aliniambia "nionjeshe kidogo, mkubwa" mara mbili. Nikapiga mstari wa kalamu kwenye lebo kila nilipokunywa, nijue ilipoishia. Mstari haukusogea, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Mke wangu nilimfundisha kitu kimoja tu. Ukinikuta nimelala na huwezi kuniamsha, napumua kwa taratibu sana au kwa kukoroma kusiko kwangu, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, usiseme "mwache alale, amechoka". Nigeuze ubavu, tafuta gari, nipeleke hospitali na chupa mkononi waione. Wanayo sindano ya kuizima dawa hii. Alinisikiliza, kisha akasema mimi nakoroma kusiko kwangu kila siku.

Zilibaki karibu mililita 75. Kishawishi cha kuziweka "kwa Julai nyingine" kilikuwa kikubwa, maana nililipa chupa nzima. Nilizirudisha. Mfamasia akaandika kwenye daftari, akaniuliza mtoto anaendeleaje.

Jambo la mwisho sikulipanga. Mama pia alikuwa akikohoa, kikavu kama changu, miezi kadhaa, na kila jioni alikuwa akitazama chini ya kitanda changu kwa jicho la mtu aliyeonewa. Nilipomtaja kwa mfamasia aliuliza anameza dawa gani ya presha. Nikampeleka mama na pakiti zake. Ilikuwa enalapril, na dawa za jamii hiyo zinajulikana kwa kuwakohoza baadhi ya watu wanaozitumia. Walimpima kwanza TB, akawa hana, ndipo daktari akambadilishia akampa losartan. Wiki ya tatu kikohozi kilikuwa kimekwisha, bila kijiko cha chochote.

Amerudi Mumias. Nasikia anawasimulia wenzake kanisani kwamba mwanawe wa Nakuru, yule dereva, alimfungia dawa kwenye sanduku la spana.