Mamdogo hana karatasi

Mwezi wa sita huku Uyole, Mbeya, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na ilikuwa mwezi wa sita 2017 niliposhuka kwenye kosta kutoka Makete, mkoa wa Njombe, na watoto wawili wa marehemu dada yangu, mkubwa ana miaka 6 mdogo anaelekea miwili, begi moja la nguo na ndoo ya viazi ambayo bibi yao alitufungia. Dada tulikuwa tumemzika siku tano nyuma. Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa kikao wakazunguka zunguka na maneno wee, mwisho wote macho yakaja kwangu, hakuna aliyeniuliza, na mimi wala sikusubiri kuulizwa maana wale ni wanangu, kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako na mpaka leo wananiita mamdogo.

Kilichonishinda sio kuwalea. Chakula tunagawana, kitanda wanabanana na wanangu, hayo yanawezekana. Kilichonitoa machozi ni karatasi.

Januari 2018 mkubwa alitakiwa aanze la kwanza. Ada hakuna, hilo tangu 2016 tunalijua, ila sare unanunua, madaftari unanunua, na shule wakataka cheti cha kuzaliwa. Mdogo alikuwa nacho! Dada alikuja kujifungulia kwangu Mbeya 2015, na huku mpango wa RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianza mapema, Mbeya ndio mkoa wa kwanza 2013, kwahiyo mtoto alipewa cheti kliniki palepale bila hata shilingi. Mkubwa alizaliwa kijijini Makete 2011, huko mpango ulikuwa haujafika, ana kadi ya kliniki imeliwa na panya nusu na cheti cha ubatizo basi. Nikaenda Makete kufuata barua ya mtendaji, nikarudi, nikaambiwa jina la mama kwenye kadi ya kliniki halifanani na la kwenye cheti cha ubatizo, nikaenda tena, halafu ofisi ya mkuu wa wilaya ambako RITA wanapokea maombi, safari tatu, nauli na siku za kazi zimekwenda (nashona nguo, siku nisipokaa kwenye cherehani siingizi kitu). Mwalimu mkuu alikuwa muungwana akampokea mtoto huku tunafuatilia, Mungu ambariki, ila sio kila mwalimu mkuu yuko hivyo.

Halafu 2021 mdogo akaanguka kwenye mti wa parachichi akavunjika mkono vibaya, ikabidi apasuliwe. Hospitali, sitaitaja, wakanipa fomu ya ridhaa, nikasaini, yule dada wa mapokezi akaniuliza wewe ni mama yake, nikasema mimi ni mama yake mdogo, akauliza mama yake yuko wapi. Mtoto kalala pale kwenye benchi mkono umevimba, na mimi nasimulia habari za kifo cha dada yangu mbele ya foleni ya watu nisiowajua ili waamini kwamba huyu mtoto ni wangu. Mume wangu ana bima ya kazini, wanetu wa kuzaa wamo, hawa wawili walipotaka kuingizwa akaambiwa alete hati ya mahakama ya kuwaasili, yaani inayowafanya wanetu kisheria. Tulilipa cash, tukakopa kikoba.

Hapo ndipo nikaanza kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, nikakaa na afisa ustawi akanielewesha, na nayaandika hapa kwasababu najua huku kwetu tupo wengi. Ukichukua Njombe, Iringa na Mbeya, utafiti wa taifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa watu wazima ni 11.4%, 11.3% na 9.3%, ndio mikoa iliyoongoza nchi nzima. Nyuma ya hizo namba kuna mabibi kule Makete, Ludewa, Mufindi wamezika watoto wao wakabaki na wajukuu wanne, watano, na hakuna karatasi inayosema bibi ndiye mzazi sasa hivi.

Sheria yenyewe ipo, Sheria ya Mtoto ya 2009. Kuna malezi ya kambo, na hili neno linachanganya watu maana sisi mtaani kambo tunajua ni baba wa kambo au mama wa kambo, yule uliyemkuta au aliyekukuta kwenye ndoa. Hapa maana yake ni nyingine, ni familia ambayo sio ya damu inapewa mtoto na ustawi, inamlea huku afisa anakuja kuwatembelea, na mtoto anabaki na jina lake na ukoo wake. Kuna familia za kuaminika, hizi zinapokea mtoto kwa dharura, mfano polisi wamemkuta stendi usiku au ametolewa kwenye nyumba yenye ukatili, anakaa hapo kwa muda mpaka ndugu wapatikane. Halafu kuna kuasili, hii ni moja kwa moja, inaamuliwa Mahakama Kuu na mtoto anakuwa wako kama uliyemzaa, hadi urithi.

Watu wawili tunaosali nao wameasili mtoto wa kike, wamenipa ruhusa nisimulie bila majina. Afisa ustawi alikuja kwao akaangalia nyumba, kipato, akaongea na majirani, wakakaa na mtoto kwanza kwa muda chini ya uangalizi, ndipo wakaenda Mahakama Kuu hapa Mbeya. Na kuna jambo nataka lisikike vizuri, mtu akikuambia toa milioni kadhaa akupatie mtoto, kimbia, sheria inakataza kulipana kwa ajili ya kuasili, hiyo ni biashara ya watoto. Kilichowatesa hawa ndugu zangu ni maneno ya watu, eti mtoto wa kuokota, mpaka mama akahama jumuiya. Mtoto mwenyewe anajua historia yake, wamemwambia tangu ana miaka minne kwa lugha ya kitoto, na mimi naona wamefanya sawa kabisa, akiambiwa na jirani wakati wa ugomvi wa maji ndio ataumia.

Sasa sisi ndugu je? Kwenye mazungumzo yote hayo sisi ndio wengi na ndio tunasahaulika. Serikali yenyewe inasema makao ya watoto ni hatua ya mwisho, mtoto akae kwenye familia, naunga mkono mia kwa mia, ila msaada mwingi ninaouona kwa macho yangu unaenda kwenye makao. Mgeni akija na mchele, magodoro, viatu, anapeleka kituoni anapiga picha. Bibi mwenye wajukuu watano nyumba ya tatu kutoka hapo hapati hata sabuni, na nimeona bibi mmoja anampeleka mjukuu kituoni huku analia, sio kwamba hamtaki, kule atakula na atasoma. Huo mchele ungefika kwa bibi mtoto asingeondoka kwao! Mimi ninachokiomba ni hicho tu, msaada umfuate mtoto pale anapolala.

Hata TASAF, ule mpango wa kunusuru kaya maskini umesaidia sana, bibi yao Makete yumo na zile hela ndizo zilinunua madaftari ya mwanzo. Ila wanaandika kaya. Watoto walipohamia kwangu majina yalibaki kule kwenye kaya ya bibi, mahudhurio ya shule yanasomeka huku, ikawa ni usumbufu kueleza mtoto yuko wapi. Watoto wetu wanahama, kwa bibi, kwa mjomba, kwa shangazi, mfumo ujue hivyo.

Kwa akina mama mnaolea, ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri haina riba, wanawake wametengewa asilimia nne, mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na mtoto akifanyiwa ukatili, awe wa kwako au wa jirani, piga 116, ni bure.

Lingine ni mirathi, msilale. Baba mkubwa wa hawa watoto alijitokeza mwaka jana, miaka yote hakuleta hata daftari, anataka shamba la dada kwasababu maparachichi yameanza kuwa na bei. Hatukuwa tumefungua mirathi, tuliona aibu kuongelea mali msiba ukiwa bado wa moto. Tungekaa kikao cha ukoo mapema, tukaandika muhtasari, tukaenda Mahakama ya Mwanzo tukapata msimamizi, shamba lingekuwa limeshaandikwa kwa watoto. Sasa tunahangaika.

Afisa ustawi amenishauri nisianze na kuasili, watoto wanawajua wazazi wao na wanataka kubaki na jina la baba yao, badala yake niombe Mahakama ya Watoto initambue kama ndugu ninayekaa nao, yeye ataandika ripoti yake ya uchunguzi wa kijamii. Mkubwa yuko sekondari sasa, juzi kaleta fomu ya shule imeandikwa mzazi/mlezi, akakata mlezi akaacha mzazi, akaniambia mamdogo saini hapa.

Nimesaini. Jumanne asubuhi naenda ustawi na mjomba wao, kwenye bahasha nimeweka cheti cha kifo cha dada, vyeti vya kuzaliwa viwili, barua ya mtendaji na muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho hatimaye tumekaa. Kama uko Uyole, Igawilo au Isyesye na una watoto wa ndugu bila karatasi, beba hizo hizo unazozipata unipitie pale ninaposhonea saa moja na nusu, twende wote.