Mwambie alichokosea, usimwambie alivyo

Yaani kuna kauli nikiisikia kazini naumia kabisa, bosi anamwambia mtu "wewe hauko siriasi" halafu huyo anaondoka zake. Hauko siriasi na nini sasa? Mtu anabaki nayo siku nzima, kazi haiendi, anawaza labda ni vile alichelewa juzi, labda ile ripoti, labda kuna mtu kapeleka maneno.

Si angemwambia tu "ripoti ya Jumatatu ilikuja bila zile hesabu za mwisho, mteja akauliza kwenye kikao tukakosa jibu, mara nyingine nitumie siku moja kabla tuipitie wote". Basi. Hapo mtu anajua ni lini, ni nini, kimeleta shida gani na afanye nini, na wala hajavunjiwa heshima. Ukishasema, nyamaza umsikilize na yeye, maana unaweza kukuta hizo hesabu zilikwama idara nyingine huko na yeye kazifuatilia mpaka kachoka.

Na hapa sisemi tubembelezane. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti kibao kuhusu mrejesho, yaani kumwambia mtu kazi yake imeendaje, wakakuta kwa wastani unasaidia ndiyo, ila kwenye zaidi ya theluthi moja ya matokeo ulishusha utendaji badala ya kuupandisha! Na walivyoeleza wao, maneno yakishamtoa mtu kwenye kazi yakamrudisha kujifikiria yeye mwenyewe, faida inapungua. Ndo hiyo "hauko siriasi" sasa.

Halafu jamani usimseme mtu mbele ya wenzake, mwite pembeni. Na usikae nayo moyoni, kosa la mwezi wa pili unakuja kulitoa kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka, hapo atarekebisha nini wakati miezi yote hiyo amekuwa akirudia kitu kile kile akijua yuko sawa?

Hata sifa nazo ni hivyo hivyo. "Kazi nzuri" peke yake inafurahisha ila haimfundishi mtu kitu. Mwambie "yule mteja alivyokuja amefura ukamwacha aongee mpaka akamaliza ndo ukamjibu, pale ulifanya vizuri sana", akija mwingine wa hivyo atajua cha kufanya.