Dawa za TB zilipogoma

Uvimbe ulianza shingoni, mgumu kama kokwa la ubuyu, hauumi. Usiku nilitoka jasho la kulowesha shuka, nikapungua kilo 9. Daktari akasema TB ya tezi. Simlaumu sana, maana dalili zinafanana na kwetu TB ndiyo iliyozoeleka. Nikameza vidonge miezi 4, mkojo rangi ya chungwa, na uvimbe ukazidi kukua.

Dada ndiye aliyeshtuka. “Mdogo wangu, dawa ingekuwa yenyewe ungeshapata nafuu. Kwani walikata kinyama cha kupima?”

Hawakukata. Walichoma sindano nyembamba tu, inayonyonya seli chache. Kumbe kwenye limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi, seli za saratani ni chache, zimejificha katikati ya zile za kawaida, rahisi kuzikosa. Nikaomba biopsi, yaani wakate nyama ya kupima. Wakatoa tezi nzima, na jibu likawa hilo.

Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, nilitundikiwa dripu za dawa za saratani kila baada ya wiki 2, mara 12. Dawa moja ni nyekundu kama juisi ya rozela. Mpaka leo rozela siinywi. Baba aliuza ng'ombe wawili bila kuniambia. Mama alikuja na rozari yake na chupa ya uji wa ulezi. Kuna usiku nilishindwa hata kusema amina, akanisemea yeye.

Sasa naenda kliniki kila miezi 6. Nikifika nyumbani, mama hunipapasa shingo kwanza, salamu baadaye.